Somo la Ufundi: Kulinganisha Amplifaya na Spika za Besi Katika Gari



Somo la leo ni la ufundi, lakini limetokana na jambo la chama. Tawi letu lina gari la matangazo, pikapu ya zamani inayozunguka kambi za wachuma chai na kusimama langoni mwa kiwanda kabla ya kila mkutano. Kambini mna watu wa lugha nyingi, na sauti ya gari hilo, kwa Kiswahili, ndiyo inayowafikia wote. Tulikuwa na spika mbili za honi za kusemea. Wanachama wakachanga fedha kidogo kidogo kwa miezi kadhaa, tukanunua na amplifaya kubwa pamoja na spika mbili za besi, ili muziki uwaite watu kutoka mbali kabla ya maneno kuanza.

Siku ya mkutano wa kujadili mapatano ya malipo kwa kilo, muziki ulipiga nusu saa ukazima. Dereva wetu, kijana, akatazama akakuta fyuzi iliyo karibu na betri imekatika, na nyingine hakuna. Akaambiwa, "Fanya upesi, watu wamekwisha kufika." Akaizungushia ile fyuzi karatasi ya bati ya pakiti ya sigara, akairudisha. Muziki ukarudi. Dakika kumi baadaye waya ukatoa moshi, plastiki yake ikayeyuka, na kila kitu kikanyamaza, hata honi. Mwenyekiti akasoma mapatano kwa mdomo mtupu. Waliokaa mbele walisikia. Walio nyuma walinyoosha mikono kukubali kipengele ambacho hawakukisikia. Ilibidi kura irudiwe juma lililofuata.

Baadaye baadhi ya wanachama walisema dereva alipe hasara. Sisi wa kamati ya elimu tukaombwa kuchunguza. Tulifungua vyombo mbele ya fundi, tukapima, tukapiga hesabu. Tuliona kwamba hasara ilianza dukani, siku tuliponunua kwa kutazama namba kubwa iliyoandikwa juu ya sanduku. Tena, aliyesema "fanya upesi" alikuwa mmoja wetu. Dereva hakutozwa kitu, na sasa yeye ndiye anayetusaidia kufundisha somo hili. Tunaliandika hapa ili matawi mengine, na kila ndugu mwenye gari, teksi au basi dogo, asilipe kwa moto kile anachoweza kujifunza kwa kalamu.

1. MANENO MANNE YA KWANZA

Fikirini bomba linaloleta maji kiwandani. Volti ni msukumo wa umeme, kama vile msukumo wa maji yanayotoka kwenye tangi la juu. Ampea ni wingi wa umeme unaopita. Omu ni ukinzani, yaani jinsi njia inavyouzuia umeme usipite. Wati ni kiasi cha kazi inayofanyika kila sekunde.

Jina la omu limetokana na Georg Simon Ohm, mwalimu wa Ujerumani, aliyechapisha kanuni yake mwaka 1827. Kanuni zenyewe ni mbili tu, na mtu anayejua kugawanya na kuzidisha anaweza kuzitumia:

Ampea = volti kugawanya kwa omu.
Wati = volti kuzidisha kwa ampea.

Tuchukue amplifaya inayotoa volti 20 kwa spika. Tazameni matokeo:

Spika ya omu 8: ampea 2.5, wati 50.
Spika ya omu 4: ampea 5, wati 100.
Spika ya omu 2: ampea 10, wati 200.
Spika ya omu 1: ampea 20, wati 400.

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Mtu huona "omu 2" akadhani ni mzigo mwepesi kuliko "omu 4", kwa kuwa namba ni ndogo. Kinyume chake ndiyo kweli. Omu zikipungua, mzigo wa amplifaya unazidi, kwa sababu umeme mwingi zaidi unapita ndani yake. Kila amplifaya ina omu za chini kabisa inazoweza kustahimili. Chini ya hapo hupata joto, hujizima yenyewe kama ina kinga, au huungua.

2. NAMBA ZA SANDUKUNI

Sanduku la amplifaya yetu liliandikwa wati 1,200. Ndani ya kijitabu chake, kwa herufi ndogo, mliandikwa wati 250. Je, mtengenezaji amedanganya? Amecheza na maneno. Namba kubwa huwekwa karibu na neno "MAX" au "PEAK", yaani nguvu ya kitambo kidogo mno, na mara nyingine ni ya kubuni tu. Namba ya kutegemea ni ile yenye herufi "RMS", yaani wati za mfululizo, ambazo chombo hutoa au hupokea kwa muda mrefu bila kuharibika. Jambo hili ni sawa na mzigo wa mchumaji. Asubuhi moja aliyekazana huweza kuinua kikapu kizito sana, lakini ukitaka kujua nguvu yake, uliza anabeba kilo ngapi kila siku tangu kucha mpaka kuchwa.

Huko Marekani watengenezaji walipatana mwaka 2003 juu ya kipimo kinachoitwa CEA-2006. Amplifaya ya gari hupimwa ikiwa imepewa volti 14.4, kwa mzigo wa omu 4, na sauti ikiwa haijaharibika zaidi ya sehemu 1 katika 100. Ukiona alama hiyo, au CTA-2006 ambayo ndiyo jina lake jipya, namba inayoandamana nayo ina maana.

Ikiwa hakuna alama wala kijitabu, kama ilivyo kwa vyombo vilivyotumika, tazama fyuzi zilizo ubavuni mwa amplifaya. Fyuzi ni shahidi mzuri kuliko sanduku. Amplifaya yetu ilikuwa na fyuzi mbili za ampea 20, jumla ampea 40. Injini ikiwaka, gari hutoa karibu volti 14. Basi 40 mara 14 ni wati 560, na huo ndio umeme unaoweza kuingia. Lakini si wote unaotoka kama sauti. Katika amplifaya za mtindo wa zamani, zinazoitwa daraja AB, karibu nusu tu hufika kwenye spika, na nusu nyingine hugeuka joto. Katika zile za daraja D, karibu sehemu 80 katika 100 hufika. Yetu ni ya daraja AB. Nusu ya 560 ni 280. Kwa hiyo wati 250 za kijitabu ni kweli, na wati 1,200 za sanduku haziwezekani kamwe. Hesabu hii ya dakika moja ingetuokoa dukani.

3. MFULULIZO NA SAMBAMBA

Ukiwa na spika zaidi ya moja, unaweza kuziunganisha kwa njia mbili.

Kwa mfululizo, umeme hupita spika ya kwanza ndipo uende ya pili, kama watu wanaopita mlango mmoja baada ya mwingine. Omu hujumlishwa. Spika mbili za omu 4 huwa omu 8.

Kwa sambamba, chanya zote hufungwa pamoja na hasi zote pamoja. Umeme una milango miwili kwa wakati mmoja, hivyo unapita kwa wingi. Spika mbili zilizo sawa hutoa nusu ya omu za moja. Mbili za omu 4 huwa omu 2.

Spika nyingi za besi za siku hizi zina koili mbili ndani yake, na nyuma yake utaona vituo vinne vya kufungia waya badala ya viwili. Zihesabuni kama spika mbili. Yenye koili mbili za omu 4 huweza kufanywa omu 8 kwa mfululizo au omu 2 kwa sambamba. Haiwezi kuwa omu 4 hata ufanyeje, isipokuwa kuiacha koili moja bila kazi, jambo ambalo hupunguza uwezo wa spika. Lakini ukiwa na spika mbili za namna hiyo, unganisha koili za kila moja kwa mfululizo upate omu 8 na omu 8, kisha spika hizo mbili kwa sambamba, na jumla itakuwa omu 4. Ukiziunganisha koili zote nne kwa sambamba, utapata omu 1, mzigo ambao amplifaya nyingi haziuwezi.

Liko na jambo la tatu, la kuunganisha njia mbili za amplifaya ziwe moja. Mafundi huliita "kubriji". Njia ya kulia na ya kushoto husukuma spika moja kwa pamoja, moja ikisukuma na nyingine ikivuta. Nguvu huongezeka sana, lakini kila njia huona nusu tu ya omu za spika. Ukifunga spika ya omu 4 kwa njia hiyo, kila upande wa amplifaya unabeba mzigo kama wa omu 2. Ndiyo maana amplifaya inayostahimili omu 2 kwa kila njia husemwa kuwa inastahimili omu 4 tu ikibrijiwa.

4. KOSA LETU KWA HESABU

Sasa twaweza kulitazama gari letu. Kijitabu kilisema: wati 75 kwa kila njia kwenye omu 4, wati 125 kwa kila njia kwenye omu 2, na wati 250 zikibrijiwa kwenye omu 4. Spika zetu zilikuwa mbili, kila moja omu 4 na wati 150 za mfululizo.

Tulifanyaje? Tulibriji amplifaya ili tupate "zile nguvu zote", kisha tukafunga spika zote mbili kwa sambamba. Spika mbili za omu 4 kwa sambamba ni omu 2. Kwa sababu tumebriji, kila njia iliona omu 1. Amplifaya iliyoumbwa kubeba omu 2 ikabebeshwa mzigo maradufu. Ikavuta umeme kupita kiasi, fyuzi ikakatika. Fyuzi ilikuwa imefanya kazi yake kwa uaminifu, nasi tukaiadhibu kwa kuivalisha bati.

Tungefanyaje? Njia ziko mbili. Ya kwanza ni kila spika ipewe njia yake bila kubriji: omu 4 kila upande, wati 75 na 75, jumla 150. Ya pili ni kubriji, lakini spika ziwe kwa mfululizo: omu 8, na kila njia itaona omu 4. Zinatoka wati ngapi? Ni zilezile 75 na 75, jumla 150. Njia zote mbili ni salama na nguvu ni sawa. Tuliporudisha gari kazini, na amplifaya nyingine ya aina ileile, tulichagua njia ya kwanza, kwa kuwa spika moja ikiharibika nyingine huendelea.

Ndugu mmoja aliuliza mkutanoni, "Je, hatujapoteza wati 100?" Jibu: tumezipoteza, na sikio haliyaoni sana. Ukiongeza wati maradufu, sauti huongezeka desibeli 3 tu, yaani badiliko dogo ambalo msikilizaji hulitambua akiwa makini. Ili sauti isikike kama imekuwa mara mbili, zinahitajika karibu desibeli 10, ambazo ni wati mara kumi. Kutoka 150 kwenda 250 ni kama desibeli 2. Kwa desibeli 2 hizo tulichoma vyombo na kuharibu kura.

5. WATI ZA AMPLIFAYA NA WATI ZA SPIKA

Linganisheni RMS kwa RMS, tena kwenye omu zilezile. Spika ya wati 300 na amplifaya inayotoa wati kati ya 225 na 300 kwenye omu za spika hiyo ni ndoa nzuri. Amplifaya kubwa kidogo kuliko spika nayo hufaa, ikiwa mwenye kuiendesha ana mkono wa kiasi.

Wapo wanaosema, "Amplifaya ndogo haiwezi kuunguza spika kubwa." Si kweli wakati wote. Amplifaya ikilazimishwa kutoa zaidi ya uwezo wake, hukata vilele vya mawimbi ya sauti. Mawimbi yaliyopaswa kuwa mviringo juu huwa bapa kama meza. Mawimbi yakiwa bapa kabisa hubeba hadi mara mbili ya wati za mawimbi ya mviringo yenye kimo kilekile. Hivyo amplifaya ya wati 200 inayolia kwa kukwaruza huweza kumwaga karibu wati 400 ndani ya spika, mfululizo, bila kupumzika. Koili hupata joto, gundi yake huyeyuka, na utasikia harufu ya kuungua kabla hujaona moshi. Ukisikia harufu hiyo, punguza mara moja.

6. KITUFE CHA KIWANGO SI CHA SAUTI

Kwenye amplifaya pana kitufe kidogo kinachozungushwa kwa bisibisi. Watu hukizungusha mpaka mwisho wakidhani wanaongeza nguvu. Kazi yake ni kulinganisha kiwango cha redio na kiwango cha amplifaya tu. Nguvu haiongezeki, ila mawimbi hukatwa mapema. Kiwekeni kwa mita ya umeme hivi:

Kwanza, ondoa waya za spika kwenye amplifaya. Washa injini.

Pili, zima kila kiongeza besi kwenye redio na amplifaya.

Tatu, piga sauti moja ya majaribio, ya hezi 50, na redio ikiwa kwenye robo tatu ya sauti yake.

Nne, weka mita kwenye volti za AC, gusa vituo vya kutolea spika, kisha zungusha kitufe polepole kutoka sifuri mpaka ufikie volti zilizohesabiwa.

Volti hizo huhesabiwaje? Zidisha wati kwa omu, kisha tafuta kipeuo cha pili cha jibu, yaani ile namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe hutoa jibu hilo. Kwetu: wati 75 mara omu 4 ni 300, na kipeuo chake ni karibu 17.3. Tuliweka volti 17, tukatia tone la rangi ya kucha juu ya kitufe ili mtu asikiguse ovyo.

Kisha rekebisheni kichujio. Spika za besi zipewe sauti za chini tu, karibu hezi 80 kwenda chini. Maneno ya binadamu hayamo humo. Simu za zamani zilipitisha hezi 300 mpaka 3,400 peke yake, na watu walielewana. Basi spika ya besi huita watu, lakini haiwezi kuwasomea mapatano. Kazi hiyo ni ya honi, nazo zizuiwe zisipate besi, kwa sababu besi huvunja utando wake.

Mwisho, hakikisheni spika zote husukuma upande mmoja. Gusisha betri kavu ya volti 1.5 kwa kitambo kidogo: chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Uso wa spika utatoka nje. Kama moja inatoka na nyingine inaingia, alama za waya zimebadilika, na besi zitauana hewani.

7. WAYA, FYUZI NA BETRI

Waya wetu ulioungua ulionekana mnene, lakini mwingi ulikuwa plastiki. Ndani mlikuwa na milimita za mraba 2.5 tu, tena si shaba tupu, bali alumini iliyopakwa shaba. Waya wa namna hiyo hupitisha umeme kwa karibu sehemu 64 katika 100 za shaba. Kwa hiyo tulikuwa kana kwamba tuna shaba ya milimita 1.6.

Shaba yenye urefu wa mita moja na unene wa milimita moja ya mraba ina ukinzani wa karibu omu 0.0175. Mita 4 za waya wetu zilikuwa na omu 0.044. Kwa ampea 40, volti 1.75 zilipotea njiani. Zidisha kwa 40: wati 70 za joto tupu, zimefungiwa chini ya zulia. Nasi tulikuwa tumevuka ampea 40. Kwa shaba tupu ya milimita 16, urefu uleule, joto lingekuwa wati 7.

Kumbukeni haya:

Fyuzi kuu ikae karibu na betri, isiwe mbali zaidi ya sentimita 45, yaani kama shubiri mbili. Kazi yake ni kuulinda waya. Waya ukichubuka mahali popote baada ya fyuzi, fyuzi itakatika. Ukichubuka kabla yake, gari litawaka moto.

Ukubwa wa fyuzi usipite uwezo wa waya. Ikikatika, tafuta sababu kwanza, ndipo uweke nyingine ya ampea zilezile. Bati, msumari na waya wa shaba si fyuzi.

Waya wa ardhi uwe mnene sawa na wa chanya na uwe mfupi. Kwangua rangi mpaka chuma king'ae, kisha kaza kwa bolti.

Lori na mabasi mengi hutumia volti 24. Amplifaya ya gari dogo ni ya volti 12, nayo itaungua papo hapo. Wala msichukue volti 12 kutoka betri moja kati ya mbili. Betri hizo hazitachajiwa sawa, na zote mbili zitakufa mapema. Tumieni kigeuzi cha kutoka 24 kwenda 12.

Betri iliyojaa, injini ikiwa imezimwa, huonyesha karibu volti 12.6. Ikituama na kuonyesha 12.2, karibu nusu imekwisha. Ukiendelea kupiga muziki, jioni mtasukuma gari.

Na hili tumelijifunza kwa uchungu: honi za kusemea zipewe amplifaya yake, waya wake na fyuzi yake. Muziki ukizima, maneno yabaki.

8. MASIKIO YETU

Wengi wetu tunatoka kwenye mashine za kusaga na kukausha chai, zinazonguruma saa zote za zamu. Wataalamu wa afya ya kazi wanashauri kiwango kisichozidi desibeli 85 kwa saa 8. Kila desibeli 3 zinapoongezeka, muda hugawanywa kwa mbili: 88 kwa saa 4, 91 kwa saa 2, 94 kwa saa 1. Kwa desibeli 100 ni dakika 15 tu, na ndani ya gari lenye spika kubwa za besi hilo ni jambo la kawaida. Sikio lililochoshwa kiwandani halipumziki kwa kupelekwa kwenye kelele nyingine. Mkataba namba 148 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, wa mwaka 1977, unahusu kuwakinga wafanyakazi na hewa chafu, kelele na mitetemo mahali pa kazi. Hatuwezi kudai vizibo vya masikio kwa mwajiri, kisha dereva wetu wa matangazo tumketishe mbele ya spika bila chochote. Naye apewe vizibo.

9. KABLA YA KUTOA FEDHA

Ndugu, fedha ya chama ni jasho la wengi. Kabla ya kununua, mjumbe aende dukani na karatasi yenye maswali haya:

Wati za mfululizo ni ngapi, na kwenye omu ngapi? Fyuzi zake ni ampea ngapi, na hesabu inakubaliana? Inastahimili omu za chini ngapi, na ngapi ikibrijiwa? Spika zetu zina koili ngapi na omu ngapi, na zikiunganishwa zitatoa omu ngapi? Waya ni shaba tupu? Je, tumetenga fedha za fyuzi za akiba?

Muuzaji asiyeweza kujibu, na asiyekubali mfungue sanduku msome kijitabu, mwacheni na bidhaa yake.

Sisi tulinunua kwa macho, tukafunga kwa haraka, kisha tukataka kumtwika mzigo huo aliye mdogo kuliko wote. Siku ya kura ya pili, honi zilisikika mpaka kambi ya mwisho. Kipengele kilekile kilisomwa tena polepole, watu wakakielewa, wakakikataa. Mazungumzo yakarudi mezani.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Amplifaya ina fyuzi moja ya ampea 30, nayo ni ya daraja D. Je, inaweza kutoa wati 1,000 za mfululizo?

2. Mna spika moja yenye koili mbili za omu 2, na amplifaya inayostahimili omu 4 ikibrijiwa. Mtaunganisha koili vipi?

3. Amplifaya hutoa wati 200 kwenye omu 4. Mita isome volti ngapi mkiweka kiwango?

4. Fyuzi imekatika na mkutano unaanza. Mwenyekiti anamwambia dereva afanye upesi. Dereva ajibu nini, na wanachama wamwunge mkono kwa namna gani?

Majibu ya matatu ya kwanza: (1) Hapana. 30 mara 14 ni wati 420, na sehemu 80 katika 100 zake ni 336. (2) Kwa mfululizo, mpate omu 4. (3) Wati 200 mara omu 4 ni 800, na kipeuo chake ni karibu volti 28. Swali la nne tunawaachia nyinyi wenyewe. Lijadilini mpaka mwafikiane, kisha liandikwe katika kitabu cha kumbukumbu cha tawi.